Asilimia za Mkono wa Mideva

Fyuu.

Hiyo ndiyo sauti anayoikumbuka Mideva. Kilio chake mwenyewe hakikumbuki, ingawa wenzake wanasema kilifika hadi kwa walinzi wa geti. Anachokumbuka ni pumzi ile fupi, kama ya mtu mnene anayeketi, ambayo mashine ya kuunda mabeseni ya plastiki huitoa kabla kalibu yake ya chuma haijajifunga.

Mashine ilikuwa na kilango. Kilango kikiwa wazi, kalibu haifungi. Iliundwa hivyo ili mtu anayeingiza mkono kutoa beseni awe salama. Lakini kufungua na kufunga kilango kwa kila beseni kunachelewesha kazi, na Nalianya, supavaiza wa zamu, alikuwa ameagiza swichi yake ikazwe kwa waya ili mashine idhani kilango kimefungwa muda wote. Kila mtu alijua. Fundi wa umeme alijua, meneja alijua, hata wanawake wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben waliongoja vibarua getini asubuhi walijua kwamba mashine ya pale mwisho inataka mtu mwepesi. Mideva alikuwa mwepesi. Alikuwa mwepesi tangu Ayuma, binti yake, akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Siku hiyo beseni lilinata, akalivuta, likakataa, akalivuta tena, na mashine ikapumua.

Beseni lenyewe, likiwa bado moto na laini, ndilo lililookoa mifupa yake. Ndilo pia lililounguza nyama na kuua mishipa ya fahamu. Madaktari walipomaliza kuosha na kushona, vidole vyote vitano vilikuwa mahali pake. Makovu yalipokauka, mkono ule wa kulia, kwa mtu aliyesimama mbali kidogo, ukawa mkono kama mkono mwingine wowote.

Taabu yake ilianzia hapo. Ungekatika, nani angebishana naye? Mtu aliyekatika mkono haulizwi kama anaumwa. Mideva alibaki na mkono mzima uliokufa, na kila aliyemtazama alihesabu vidole, akaona vimetimia, akaondoka na jibu lake.

Nalianya alikuja kumwona wodini na pakiti ya unga na sukari. "Vidole vyote vipo," alisema, akitabasamu kama aliyevileta yeye. "Mungu ni mkubwa, Mideva." Mideva aliporudi kazini, mkono ulidondosha mabeseni. Akapelekwa kufagia, fagio likadondoka. Akaambiwa aende nyumbani apumzike mpaka aitwe, na hakuitwa. Baadaye alisikia kwamba Nalianya anawaambia watu kuwa yule mama wa Mowlem anajua kuigiza, angeenda kwenye runinga.

Nyumbani kwao Mowlem, ghorofa ya nne, mkono ule ulikataa mambo madogo. Haukuweza kufunga kifungo. Haukuweza kukamua nguo. Mwiko haukukaa ndani yake, na katika nyumba ya Waluhya mwanamke asiyeweza kusonga ugali anakuwa mgeni jikoni mwake. Patrobas, mumewe, fundi wa vitanda huko Gikomba, ndiye aliyesonga. Mwanzoni alisonga huku akiimba. Kisha akawa anasonga kimya.

Siku moja Mideva alisikia harufu ya nyama inayoungua. Akadhani ni kwa jirani. Akawaza, leo kwa Millicent kuna nyama. Alipoinamisha macho, aliona kiganja chake kimekaa juu ya mdomo wa sufuria, na ngozi imeanza kukunjamana. Hakuhisi chochote. Lakini alfajiri iliyofuata, bila kuguswa na kitu, mkono uleule ukawaka moto kuanzia kifundo hadi kwenye kucha, akauma kanga ili asimwamshe mtoto. Ulikuwa mkono usiohisi moto wa jiko na unaohisi moto usiokuwapo. Jaribu kumweleza mtu hilo. Jaribu kumweleza mume anayesonga ugali baada ya kupiga randa tangu asubuhi.

Millicent, jirani yule wa harufu ya nyama, alikuwa muuzaji wa mitumba Gikomba. Alianza kumchukua Mideva kumsaidia kuchambua nguo bale likifunguliwa.

"Mama Ayuma, unachagua blauzi kama mtu anayechagua mchumba," alimwambia. "Bale la wenzako limeisha."

"Nina mkono mmoja, Millicent."

"Najua. Nakusumbua tu ndio usianze kulia mbele ya wateja wangu."

Millicent ndiye aliyempeleka kwa wakili Shiundu, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la dawa kule Umoja. Shiundu alikuwa mtu mcheshi, mchovu, mwenye mafaili hadi kwenye dirisha. Viwanda vililisha ofisi yake: waliokatika, waliovunjika, waliopofuka. Alimsikiliza Mideva, akaandika, akasema kesi ni nzuri. Halafu kesi nzuri ikalala. Wakubwa wa sheria walikuwa wakibishana kama watu walioumia kazini waende kortini au kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia ajali za kazi, na wakati wanabishana, mafaili yalisimama. Ugonjwa wa corona ukaja ukaenda. Ayuma akaota matiti. Mkono ukakonda.

Kesi ilipoamka, Shiundu alimtuma Mideva kwa Daktari Wayua, mwanamke wa Machakos aliyefanya kazi katika hospitali kubwa ya serikali. Wayua hakuwa na maneno mengi. Alimfunga macho kwa kitambaa, akamgusa kwa pamba, kwa sindano, kwa chuma baridi, akimuuliza kila mara: Wapi? Mideva alikuwa akijibu "Bado hujanigusa" wakati sindano imesimama kidoleni. Wayua alimrudisha mara ya pili na ya tatu. Alimpeleka kwenye mashine inayopitisha umeme kwenye mishipa. Aliandika kwamba mwanamke huyu amepoteza kwa kudumu asilimia arobaini ya uwezo wake.

"Arobaini ni nini, daktari?" Mideva aliuliza.

"Ni hesabu ya kortini. Mwili hauna hesabu hiyo." Wayua akavua glavu. "Lakini ni lazima niwape namba, nami nimewapa ile niliyoiona."

Kampuni ya bima ya kiwanda ilikuwa na haki ya kumtuma kwa daktari wake. Huyo alikuwa Daktari Opicho.

Mideva alijitayarisha kwa adui. Usiku kucha alijipangia majibu. Alivaa gauni lake la kanisani. Mlango ulipofunguliwa, hakukuwa na adui. Kulikuwa na mzee mwenye mvi, mrefu, amesimama akimngoja, uso umechanua kama wa baba mdogo aliyekuja kumpokea stendi.

"Mulembe, mama," alisema, na akanyoosha mkono.

Hapa ndipo kila kitu kilipoharibikia, na anayetaka kumcheka Mideva na amcheke, lakini kwanza ajiulize yeye angefanya nini. Mzee amesimama. Mzee amekusalimia kwa lugha ya kwenu. Mzee amekunyooshea mkono wa kulia. Unampa wa kushoto? Mwanamke aliyelelewa Vihiga hampi mzee mkono wa kushoto hata kama wa kulia unatoka damu. Mideva alikunja magoti kidogo, akaushika mkono wake wa kulia chini ya kiwiko kwa ule wa kushoto, kama anavyosalimiwa mtu wa heshima, akauinua, akampa.

"Mulembe, baba."

Opicho aliushika akautikisa sana, kama wanavyosalimiana watu waliokutana mbali na nyumbani. Maumivu yalipanda hadi kwenye meno. Mideva alitabasamu. Alitabasamu kwa sababu mzee alikuwa akitabasamu.

Wakaongea. Anatoka upande gani? Ukoo gani? Mvua imenyesha? Majani ya chai yanachumwa? Opicho aliwafahamu watu wa shule aliyosoma babake Mideva. Akamwambia afungue na kufunga kiganja. Mideva akajaribu. Akamwambia inatosha, mwanangu, usijitese. Hakumgusa kwa sindano. Hakumfunga macho. Alimsindikiza mpaka kwenye ngazi na kumwambia awasalimie wa nyumbani. Mideva alishuka akiwa na moyo mwepesi. Jioni alimwambia Patrobas kwamba daktari wa bima ni mtu wa kwao, mtu mzuri, na Mungu amewakumbuka.

Ripoti ilipofika, Shiundu aliisoma akaifasiri, na mara hii hakufanya mzaha. Asilimia tano. Vidole vyote vipo na vinakunjika. Makovu yamepona vizuri. Mgonjwa mchangamfu, hana dalili ya maumivu. *Alinisalimia kwa mkono ulioumia, kwa hiari yake, huku akitabasamu.*

Mideva alimwomba asome tena pale mwisho. Shiundu akasoma.

Ningependa kuandika kwamba alilia. Hakulia. Alikaa akiutazama ule mkono juu ya paja lake, na kilichomjaa hakikuwa huzuni. Mzee yule alikuwa amemuuliza habari za mvua. Alikuwa amechukua heshima ambayo Mideva alifundishwa na mama yake, heshima ya magoti na kiwiko, akaipima kama kipimo cha hospitali, akaiuza kwa watu wa bima. Na hata Kiingereza alichoandikia ripoti kilikuwa kizuri.

Lililomuuma zaidi lilikuwa nyumbani. Patrobas alikuwa anajua kusoma Kiingereza, akaisoma ripoti mwenyewe jioni ile, kisha akarudi kwenye sufuria na mwiko wake.

"Mama Ayuma," alisema bila kugeuka, "wewe ulimsalimia kwa mkono huo?"

"Alikuwa mzee."

"Kwa hiyo unaweza."

"Kuweza nini?"

"Nauliza tu."

"Uliza vizuri, Baba Ayuma. Unauliza kama mimi ni mwongo?"

Patrobas alipakua. Ayuma alitazama sahani yake. "Mimi ni mtu wa mbao," Patrobas alisema mwishowe. "Sijui mambo ya mishipa. Daktari mmoja anasema hivi, mwingine anasema vile. Wacha korti iseme."

Kuanzia siku hiyo Mideva hakuwa akingoja fidia. Fidia ilikuwa maneno ya Shiundu. Yeye alikuwa anangoja mtu aliyevaa joho aseme hadharani, Patrobas akiwa ameketi pale anasikia, kwamba mwanamke huyu amesema kweli.

Shiundu hakumficha jinsi mambo yanavyokwenda. "Ripoti mbili zikigongana namna hii, mahakimu wengi wanazijumlisha wanagawanya kwa mbili," alisema. "Wanachukua katikati. Ni rahisi, na hakuna daktari anayekasirika. Ndiyo maana madaktari wa upande wetu huwa wanapandisha kidogo, na wa bima wanashusha."

Mideva alimwangalia. "Wa kwetu alipandisha?"

"Wayua? Nilimdokeza. Alinifukuza ofisini." Shiundu akacheka peke yake.

Mideva alimsimulia Millicent hayo Gikomba, wakiwa wameinamia bale la makoti. Mteja alikuwa amesimama hapo akitaja bei ya chini kabisa, ya matusi, na Millicent alikuwa ametaja ya juu kabisa, na wote wawili walijua wataishia wapi.

"Si ndiyo hii?" Millicent alisema, akimwonyesha mteja kwa kidevu. "Huyu anajua nadanganya, mimi najua anadanganya, tunakutana katikati, kila mtu anaenda na furaha yake. Shida ya daktari wako ni kwamba alikuja sokoni na bei ya kweli. Huyo ataliwa, manze."

"Na mimi?"

"Wewe ndiwe koti, Mama Ayuma."

Mteja alicheka. Mideva alilitupa koti alilolishika akaenda kusimama kwenye kijia cha maseremala.

Siku ya kusikilizwa kesi, Patrobas alifunga kibanda akaja. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Mideva alitoa ushahidi wake kwa Kiswahili, mkono juu ya kizimba. Kisha wakili wa kiwanda akasimama, kijana msafi mwenye sauti ya upole.

"Mama, siku uliyokwenda kwa Daktari Opicho, mlisalimiana?"

"Tulisalimiana."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Huo unaosema umekufa."

"Ndio huu."

"Mkono wako wa kushoto ulikuwa na shida yoyote?"

"La."

"Basi kwa nini hukutumia huo?"

Mideva alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hakwenda uchi. "Wewe," alisema, "mamako alikufundisha umpe mzee mkono wa kushoto?"

Watu wakacheka. Karani alicheka. Hata hakimu aliinamisha uso. Wakili wa kiwanda hakukasirika. Alingoja kicheko kiishe.

"Kwa hiyo heshima iliuwezesha mkono."

"Niliuinua kwa huu mwingine."

"Lakini ulitabasamu."

"Nilitabasamu."

"Sina swali zaidi, mheshimiwa."

Daktari Wayua alisimama kizimbani na kueleza mishipa, sindano na mashine ya umeme. Wakili wa kiwanda alimuuliza ni nani aliyelipia ripoti yake. Alijibu ni upande wa mlalamikaji. Aliulizwa kama ganzi inaweza kuigizwa. Wayua alisema kwamba mashine ya umeme haiulizi mgonjwa maoni, na kwamba sindano anayo mkobani, na kama mahakama ingependa, wamfunge mama huyu macho hapahapa waone.

"Hapa si kliniki, daktari," hakimu alisema.

Hata leo Mideva hajaelewa kwa nini. Mkono ulikuwa pale. Sindano ilikuwa pale. Kila mtu aliyetaka kuujua ukweli alikuwa chini ya paa moja na ukweli wenyewe, na wakaamua kusoma karatasi.

Opicho alikuja na suti ya kijivu. Alipompita Mideva alitikisa kichwa kwa upole, kama wanaofahamiana. Shiundu alimuuliza kama alitumia sindano.

"Sikuona haja."

"Mashine ya mishipa?"

"Mwanangu, nilikuwa natazama mikono wewe hujazaliwa," Opicho alisema, na watu wakacheka tena, kicheko kilekile, cha upande wowote. "Mtu anayeumwa mkono haupeani. Unampa mkono, anaurudisha wake nyuma. Mama huyu alinipa mkono wake kwa furaha. Ni mtu mwema. Sisemi anadanganya. Watu wakikaa na kesi muda mrefu, wanaanza kuyaamini maneno yao wenyewe."

Sisemi anadanganya. Alilisema hilo kwa huruma, na Patrobas, kwenye benchi la nyuma, alikuna shingo.

Siku ya hukumu waliingia pamoja, Mideva, Patrobas na Millicent. Hakimu alisoma haraka, kichwa chini. Kiwanda kilikuwa na makosa. Swichi ilifungwa kwa waya. Hapo Mideva aliinua kichwa. Kisha hakimu akafika kwa madaktari. Wote wawili, alisema, ni wataalamu wenye sifa na uzoefu. Mahakama haina sababu ya kumtilia shaka yeyote kati yao. Kwa kuwa maoni yao yanatofautiana, haki itatendeka kwa kuchukua wastani. Arobaini na tano, gawanya kwa mbili. Asilimia ishirini na mbili na nusu.

Faili likafungwa. Karani akaita kesi nyingine.

Nje kwenye veranda, Shiundu alikuwa amechangamka. Alisema wameshinda, kiwanda kimepatikana na makosa, wengine hawapati hata hiyo, na pesa ikitoka watamwona mama akifungua biashara yake. Millicent alimshika Mideva begani na hakufanya mzaha wowote. Opicho alipita na mkoba wake, akienda kwenye chumba kingine, kwenye mkono wa mtu mwingine au mguu wa mtu mwingine, sifa zake zikiwa hazijaguswa. Wayua hakuwapo, alikuwa zamu.

Patrobas alimsogelea mkewe. Alionekana kama mtu aliyeondolewa mzigo. Sauti yake ilikuwa na wema ambao Mideva alikuwa ameukosa kwa muda mrefu, na wema huo ndio uliomvunja zaidi.

"Si mbaya, Mama Ayuma," alisema. "Wamekupa nusu nusu. Unaona? Hata korti imeona kuna ukweli kidogo huku, na kidogo huku. Twende nyumbani."

Mideva hakusogea. Watu walipita katikati yao na mafaili, wengine wakimsukuma kwenye bega la kulia, upande wa mkono ule, bila yeye kugeuka. Shiundu alianza kusema jambo kuhusu rufaa, kwamba inawezekana lakini itachukua muda, kisha alipouona uso wa Mideva akatazama saa yake. Patrobas ilibidi ainame ili amsikie.

"Mmoja wao alidanganya, Baba Ayuma. Mimi nilikuja kuambiwa ni nani."